Mifupa ya Mtawa

Ninafundisha falsafa katika chuo kimoja katikati ya jiji, na kila muhula somo langu hufika kwa yule mwanateolojia mnene wa Enzi za Kati, mtawa Mkatoliki aliyetaka imani na akili zikae meza moja. Wanafunzi husinzia mpaka niwasimulie alivyokufa. Aliugua akiwa safarini, akafia kwa watawa wa shirika jingine, nao wakakataa kuwarudishia wenzake mwili. Inasemekana waliuchemsha mwili mpaka nyama ikaachana na mifupa, wakaificha mifupa isiibwe. Hapo darasa zima huamka.

Hadithi hiyo haikuwahi kunitia kinyaa hadi baba alipofariki. Kikao cha mazishi kilifanyika kwangu, Kileleshwa. Mama alitaka baba azikwe Kinoo, upande wa kwao mama, kwenye ploti waliyoinunua pamoja, karibu na mlango wake. Ndugu za baba walifika kutoka magharibi wakiwa wameshaamua. Walikula. Mungu wangu, watu wale walikula! Baba mdogo alinyonya mfupa wa kuku, akajipangusa vidole kwa kitambaa cha kochi, akasema, "Hii mwili ni yetu. Mzee hawezi lala kwa wakwe." Wengine wakaitikia, midomo imejaa. Mama alikuwa jikoni akiwapakulia. Hakuna aliyemwita.

Nikawasimulia habari za yule mtawa, sufuria na yote, kwa sauti ya darasani.

"Wewe, kwani huoni tunakula?" baba mdogo akafoka.

"Naona. Ndiyo maana nawaambia."

Mmoja akaomba aongezewe ugali. Hata kutapika hawakujua. Baba akasafirishwa, akazikwa huko kwao, mwendo wa siku nzima kutoka kwa mama.

Majuma kadhaa baadaye nilienda Kinoo kumwona. Alikuwa amekaa kibarazani akikatakata sukuma wiki, na kwa muda mrefu tulizungumza habari za mvua tu. Kumbe siku ile alisikia kila kitu kutoka jikoni.

"Huyo padri wako wa sufuria," akaniuliza, "hakuwa na watu wake?"

"Alikuwa na dada."

"Na huyo dada walimpatia nini?"

Niliona aibu kumtajia mama jambo la kuchukiza namna ile.

"Wanasema alipewa mkono mmoja wa maiti ya kaka yake."

Nilimtazama nikingoja akunje uso. Kisu chake hakikusimama.

"Afadhali yeye," mama akasema.