Kipimo cha Daraja

Mume wangu alipenda madaraja ya reli kuliko alivyonipenda mimi, na sikulalamika. Wako wanawake wenzangu hapa Arua ambao waume zao wanapenda waragi, pombe kali ya huku kwetu. Wangu alikuwa na studio ndogo chini ya Arua Hill, akipiga picha za pasipoti na za arusi, akiwakemea maharusi wainue videvu. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa yale madaraja yanayosimama juu ya miguu mirefu ya chuma, na kwa kuwa reli haikuwahi kufika kwetu, ilibidi tuyafuate mbali.

Nasema tuyafuate kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kipimo. Alisema daraja likipigwa picha tupu halina ukubwa, linaweza kuwa hata la kuchezea watoto. Lazima mtu asimame juu yake. Mtu huyo nilikuwa mimi, ndani ya gauni jekundu alilolichagua yeye. Nimepigwa picha kuliko malkia, na hakuna hata moja ambamo unaweza kuuona uso wangu. Nipo tu huko juu, mdogo kama siafu, ili watu wa mbali wajue chuma kina urefu gani.

Ninachotaka kusimulia ni jambo moja. Nilitaka kujua kama siku ile, upande wa Tororo, alijua kwamba treni inakuja.

Mimi nimezaliwa Koboko, kwa Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan. Reli ya kwanza kuiona ni ile ya kuelekea Pakwach, na ilikuwa imekufa zamani. Wanawake walianika muhogo juu ya mataruma yanayobeba reli, mbuzi wakalala katikati ya vyuma. Kwenye daraja la kwanza alilonipandisha, kule porini, miti ilikuwa imeota hadi kutokeza juu, na mzee mmoja alipita na baiskeli yake akatusalimu kana kwamba yuko barabarani. Kwangu mimi reli ilikuwa kama gari bovu nyuma ya nyumba, ambalo kuku wanatagia ndani. Tukazunguka hivyo miaka mingi, daraja bovu baada ya daraja bovu, na sikuogopa kitu ila nyoka.

Mtandaoni alikuwa na wenzake, watu wa nchi za mbali wenye ugonjwa kama wake. Siku moja mmoja wao akamwandikia kwamba picha zake ni nzuri, lakini zote ni picha za maiti. Mume wangu, ambaye mama yake alipozikwa Pajulu alirudi akala vizuri, safari hii alishindwa kula. Nilimbembeleza kama mtoto. Baada ya muda akaniambia tunasafiri, kuna daraja refu upande wa Tororo. Hakusema kama ni zima au limekufa, nami sikuuliza. Nani anauliza kama jiwe linapumua?

Tulipofika, jioni aliniacha gesti akisema anakwenda kununua mkate. Alirudi na mkate. Kesho yake tukaenda darajani.

Lilikuwa limevuka bonde la mpunga, refu kweli, na reli zake zilikuwa zinang'aa. Mtu wa Tororo akiona reli inang'aa anajua kwamba magurudumu yanaisugua kila siku, na hakai hapo. Mimi niliona mng'ao ule nikasema moyoni, watu wa huku wanapita sana hapa, ndiyo maana, kama kizingiti kinavyong'aa kwa nyayo. Nikavua viatu nisiteleze, nikatembea mpaka katikati. Yeye alikuwa chini bondeni, kamera juu ya miguu yake mitatu, akiniashiria kwa mkono nisogee, nisogee tena. Kisha akashusha mkono na hakuashiria tena.

Chuma kikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu. Nilidhani ni upepo. Halafu nikasikia honi, nikageuka, nikaona kichwa cha treni kinaingia darajani.

Nilikimbia. Kati ya taruma na taruma kuna uwazi, na chini yake niliuona mpunga, mbali sana. Nilimwita mume wangu. Sikumwita Mungu, nilimwita yeye, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikafika mwisho wa daraja, nikajitupa kwenye kokoto, goti likapasuka nikaona ndani yake kweupe. Mabehewa yakapita kando yangu yamebeba petroli ya watu, bila haraka.

Alikuja behewa la mwisho lilipokwisha kupita. Akasema, "Pole. Umeumia?" Kabla sijajibu alikuwa ameinama kutazama kioo cha kamera.

Aliapa kwamba hakujua. Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani nikiwa na mume. Tukaenda stesheni kuomba maji ya kuosha goti, na mfanyakazi wa pale akaniletea ndoo, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, treni yenu mulipata? Mzee alikuja jana kuuliza saa yake." Mume wangu akacheka, akasema huyu anatufananisha na watu wengine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilimfulia hata hizo nguo.

Nikarudi kwetu Koboko. Kwetu mke akirudi kwao, mume hafuatwi. Yeye ndiye anayekuja, anaketi mkekani mbele ya wazee, anaulizwa, anajibu. Alikuja na shati lililopigwa pasi na kitu kikubwa kilichofungwa kwa magazeti. Ilikuwa picha, ndani ya fremu ya dhahabu, zawadi kwa wakwe. Mimi juu ya daraja, gauni limepeperuka, treni nyuma yangu. Hakuwa na haya hata kidogo. Nilimchungulia kutoka nyuma ya pazia na nilimchukia hadi meno yakauma.

Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliishika picha akaitazama sana. "Iko muzuri," akasema. "Mtoto yetu nakimbia kabisa."

Baba mdogo, aliyekalia nafasi ya baba, hakuigusa. "Mkwe, swali iko moja tu. Wewe ulijua treni nakuja?"

Mume wangu alikunywa chai kwanza. "Nilijua, baba. Lakini hatari haikuwa." Akaivuta picha, akaweka kidole juu ya kioo. Pembeni mwa daraja, hapa na pale, palikuwa na kibaraza kidogo cha chuma chenye ukingo, ambapo wafanyakazi wa reli hujibanza treni ikipita. "Hii moja. Na hii ingine, hapa. Yeye alipita zote mbili. Angeingia ndani, treni napita tu, hata nguo haigusi."

Baba mdogo akakitazama kile kidole. "Na wewe hukusema kwa yeye."

"Hapana."

"Sababu gani?"

Mume wangu akamtazama kwa huruma, kama anavyomtazama bwana arusi asiyejua kukaa mbele ya kamera. "Baba, kama mimi nasema kwa yeye mbele, yeye hawezi kimbia."