Mbwa wa Udongo

Siku ile ya kiangazi kule Kayna naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa msichana, asubuhi nasoma kwa masista, mchana nafinyanga vyungu na shangazi Masika. Mwalimu alikuwa ametuonyesha picha kitabuni: chungu chenye umbo la mbwa, kazi ya Watolteki, watu wa kale wa Mexico. Mbwa mnene, masikio wima, ngozi inang'aa kama chuma. Tangu hapo sikutulia mpaka nilipofinyanga wangu.

Nilimsugua kwa jiwe laini akameremeta. Siku ya kuchoma, wanawake wa mtaa walipanga vyungu vyao vyote pamoja juu ya kuni, maana kesho yake ilikuwa soko. Nikamweka mbwa wangu katikati, mahali pa heshima.

Shangazi akamwinua, akamgonga kwa ukucha.

"Iyi mbwa iko nzito. Ndani uliacha nafasi?"

"Hapana, tantine. Nilijaza udongo, ili isivunjike."

"Donc iko na maji ndani. Itapasuka, na itapasula vyungu vya bamama bote."

"Mais tantine, inje imekauka."

"Weye unaangalia inje. Moto inaangalia ndani."

Akachukua kisu, akampasua tumbo mbele ya watu. Nililia, mwanangu, na siku ile nilimchukia. Lakini alinishika mkono akanigusisha: udongo wa ndani ulikuwa mbichi kabisa, ukanata kwenye kidole. Akaukwangua mpaka ukabaki ukuta mwembamba, akaziba tumbo kwa udongo laini, akatoboa tundu la kupumulia mdomoni. Kisha akamweka jikoni, kivulini, akauke polepole. Vyungu vya wenzetu vilitoka vizima vyote.

Zamu ya mbwa ilipofika, siku kadhaa baadaye, nilisimama karibu na moto roho mkononi. Kitu kikalia paa! Nikafumba macho. Kumbe ni ukuni wa mkaratusi. Majivu yalipopoa, shangazi akamtoa: ubavu mmoja mweusi, masikio yote mawili yapo. Nikakaa chini nikicheka.

"Sasa pumua na weye," akaniambia.

Naona siku hizi unakuja hapa kwangu Beu ukitabasamu, na macho yako mazito. Harusi yako imekaribia, na wewe unasema kila kitu kiko sawa. Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Usiingie kwenye ndoa, wala kazi, wala safari, na jambo bichi umelifungia moyoni. Tafuta mkubwa unayemwamini, mwambie mapema, hata kama atakupasua kidogo kwa maneno. Utalia, ndiyo. Lakini kilio cha kabla ya moto kina dawa, tena kinawaokoa na wale uliopangwa nao.

Mungu akupe watu wa kukukataza kwa upendo. Akukaushe polepole, na akutoe katika kila moto ukiwa mzima.