Barieri ya Maji

Juzi, mvua ilipokatika, nilimwona jirani akilaza vigogo vya migomba kukatiza mteremko nyuma ya nyumba yake. Harufu ya utomvu wa vigogo hivyo ikanirudisha Butembo, mji nilikokulia, kwenye alasiri moja ya wakati wa vita.

Mama alikuwa akilaza vigogo kama vile juu ya nyumba yetu. Alilaza kimoja, akakimbia kutazama njia, akarudi, akakimbia tena. Tulimngoja Baba, aliyekuwa akitoka Mbau na mafuta ya mawese kwenye baiskeli, na wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni barieri ya maji.”

Barieri nilizijua: kamba ya askari barabarani, ambayo mtu hapiti bila kuacha kitu.

“Maji nayo italipa nini?”

“Itaacha udongo kwanza, njo ipite. Kamata huku!”

Mvua ikaja, ikapiga mabati kama changarawe. Nilichungulia mlangoni. Maji mekundu yalishuka kwa hasira, yakagonga vigogo, yakazunguka, yakaacha tope, yakapita polepole. Leo najua kwamba yalipunguzwa mwendo tu, udongo ukatua wenyewe. Siku ile niliona yamemtii Mama, nikaamini hata askari wangemtii.

Mvua ilikuwa haijaisha Baba alipoingia, pekupeku, bila baiskeli, bila mafuta, bila koti.

“Balikukamata ku barieri?” Mama aliuliza.

“Hapana. Nilipita.”

“Kama maji!” nikasema, nikapiga makofi.

Mama aliitazama miguu ya Baba. Kisha akatoka tena kwenye mvua, akalaza kigogo kingine.