Dawa ya pumu ilivyoipa minyoo nguvu mwilini mwa mama mdogo

Wakuu, habari za mchana. Mnaotafuta chai piteni kushoto, hii nimeishuhudia mwenyewe hapa Sumbawanga.

Mama mdogo wangu anakaa Kasense, mkulima. Sisi Wafipa tuna kilimo cha ntumba, yaani unafukia majani kwenye tuta la mviringo, yakioza ndipo unapanda.

Sasa yeye hapandi mpaka azamishe mguu mtupu tutani asikie kama majani yameoza. Anasema jembe halimwambii kitu. Viatu shambani kwake ni mambo ya watu wa ofisini.

Pia ana pumu. Ilipombana alipewa tembe za prednisolone za siku chache. Zikamkaa vizuri, hata magoti yakaacha kuuma, basi akawa anajinunulia mwenyewe duka la dawa. Miezi ikapita. Uso ukavimba, majirani wakamsifia kanenepa. Haya.

Mvua zilipokolea kikohozi kikarudi. Akajua ni pumu, akaongeza dozi. Hali ikazidi. Tumbo linasokota, homa, makohozi yana damu. Tukamkimbiza hospitali hajitambui. Niliogopa wakuu, huyu ndiye aliyenilea.

Wengi tulidhani TB. Daktari akatazama nyayo zake zilivyopasuka, akauliza kama analima peku. Makohozi yakapimwa. Minyoo! Midogo mno, ya kuonekana kwa darubini tu.

Akatueleza kwamba huingia kupitia ngozi, kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi, na inaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya kwa sababu kinga inaibana. Ile dawa ilishusha kinga, minyoo ikazaliana mpaka ikafika kwenye mapafu.

"Kila alipoongeza kidonge," alisema, "alikuwa anaifungulia mlango."

Akapewa dawa ya minyoo, prednisolone wakampunguzia taratibu. Alipona, ila kwa tabu sana.

Nikamnunulia mabuti. Juzi nimeenda Kasense, namwona kwa mbali kayavaa, nikafurahi. Kusogea, kumbe kapiga magoti, mkono umezama kwenye ntumba hadi kiwiko.

Nikamuuliza, mama, si tuliongea?

"Daktari alikataza miguu," akanijibu, wala hakuutoa mkono.

Mwenye mzazi anayejinunulia hizo tembe, ampeleke akapimwe, na daktari aambiwe kama analima peku. Asiziache ghafla pia, ni hatari.

Na anayejua zinapouzwa glovu za kufika kiwikoni hapa mjini aniandikie hapa chini. Kabakiza nusu shamba.