Viatu Mlangoni

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ukifika hapa Nachingwea, harufu ya salfa huingia hadi jikoni, nami hukumbuka likizo ile baba, dereva wa lori, aliponichukua kutoka Ruangwa hadi mji uliochomwa na volkano.

Mama mwenyeji aliyetupokea huko alikuwa amejenga kibanda cha mbao juu ya mawe meusi. Nilimwamkia, na kwa kuwa palinuka salfa kama kwetu, nikamuuliza mikorosho yake iko wapi.

"Harufu hiyo ni ya mlima, mwanangu. Mlima huo bado unapumua."

Akachukua viatu vyangu, akavipanga mlangoni pamoja na vya wanawe, ncha zikielekea nje.

"Ukisikia nakuita, vaa ukimbie. Usiulize."

Leo asubuhi wanangu wamenikuta nimeinama mlangoni, nageuza viatu vyao. Mdogo ameniuliza tunakwenda wapi.