Risasi Zilizokaa na Ulezi

Simu imenikuta Laela, nimekaa juu ya magunia ya mahindi nikisubiri lori. Mkulima mmoja wa Milepa analia: mzee wetu wa Mwazye, askari wa wanyamapori mstaafu, amefariki. Amekufa kitandani kwake, kwa maradhi. Mimi siku zote nilidhani itamuua bunduki.

Wasomaji wa Ufipa mnajua manyunyu yetu. Mbegu za ulezi tunaziweka darini, juu ya moto wa jikoni, zisiote ukungu. Enzi za kazi yake mzee aliweka kopo la risasi hapohapo, na kwa miezi zikawa zinapata joto na kupoa, zinapata joto na kupoa. Akaitwa Milepa: kiboko amejeruhi mtu, amejificha kwenye mpunga. Nilimfuata kwa udadisi. Shule niliiacha mapema, maswali hayakuniacha. Tulitoka kwenye baridi alfajiri, tukashuka hadi joto la bondeni, na kopo lilipofunguliwa risasi zilitoka jasho. Akazifuta kwa shati.

Kiboko akasimama mbele yetu, karibu mno.

"Piga, mzee! Piga!" mwenye shamba akapayuka.

Mzee akavuta. Ka! Kisha kimya. Kiboko akatugeuzia kichwa.

"Imekufa hiyo! Lete niigonge kitako!" Mwenye shamba akanyoosha mkono aushike mtutu.

"Toka! Nyuma yangu, mjinga wewe!"

Mzee hakuishusha bunduki, wala hakuifungua. Sijameza mate, ikalia yenyewe. Tope likaruka, kiboko akatimkia majini. Mwenye shamba akaketi kwenye maji ya mpunga, anajipapasa kifua.

"Joto la jiko limeila baruti, unyevu ukamalizia," mzee alituambia. "Moto ulikuwa ndani, unatambaa polepole."

Nyumbani mkewe alimcheka: "Mbegu zangu zimeota zote, baba. Zako ndizo zilizolala!" Mzee hakucheka. Alilihamishia kopo chumbani, pakavu, mbali na moto.

Tangu hapo nimezunguka mikoa mingi, na nimeona watu wakipuuza kilichonyamaza: mashine, ndoa, kijana aliyedhulumiwa. Wanakisogelea kwa sababu hakikulia. Mzee alikosea kuhifadhi, lakini kimya hakikumdanganya.

"Wewe njoo na lori lako," mkulima, yuleyule mwenye shamba la mpunga, ameniambia kabla ya kukata simu. "Mimi natangulia kuchimba kaburi. Kifua hiki ni chake."