Mzee Asiyetaka Majimbo

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya karatasi za wakimbizi, hapa mtaa wa Bwiza, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Vijana wa Congo nyuma yangu walisifu serikali ya majimbo: kila jimbo lijitawale na kula mali yake lenyewe. Mimi niliishia darasa la tano lakini sijawahi kushindwa ubishi, kwa hiyo nikawaunga mkono kwa sauti kubwa. Mzee aliyekuwa mbele yangu akatikisa kichwa.

"Apana. Hayo majimbo mi nimeyaona."

Zamu yake ikafika. Karani akauliza, "Muzee, jimbo yako?"

"Andika Congo."

"Congo si jimbo. Bila jimbo hupati karatasi, na bila karatasi askari wa barabarani hawatakuacha upite."

Vijana wakacheka. Mzee akasema polepole, "Baba ni wa Kasai, mi nilizaliwa Katanga. Waliposema Katanga ni ya Wakatanga, wakatupakia sisi wa Kasai kwenye treni. Muke wangu ni wa kule, akabaki kwa ndugu zake."

"Basi niandike Kasai?"

Mzee akashika ukingo wa meza. "Apana, andika Katanga. Mutu wa kunitafuta ni mumoja tu, na iko kule."

Karani akagonga muhuri. Vijana wakanitazama nijibu. Nikajifanya nasoma tangazo la ukutani, na lilikuwa la Kifaransa, nami Kifaransa sikijui.